Saruji inayaua makanisa ya kale

Mhariri,

Kuta za nje za kanisa kongwe la mawe zikianza kubanduka, wengi hukimbilia saruji na rangi ya plastiki. Hapo ndipo jengo linapouawa. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua: maji yaliyoingia hutoka kupitia maungio, yaani nafasi kati ya mawe zilizojazwa chokaa. Saruji ikiziba maungio hayo, unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, chumvi inaganda chini ya uso wake, na jiwe linamenyeka kama kitunguu huku saruji imetokeza nje kama mbavu.

Tunawasihi wasimamizi waanze na paa na mifereji. Vikivuja, mengine yote ni bure. Saruji ing'olewe kwa patasi na nyundo. Grainda, mashine ya kukatia, hukata kingo za mawe, na kingo hazirudi. Maungio yachimbwe kina mara 2 ya upana wake, yasipungue milimita 25, yasafishwe vumbi na kuloweshwa. Changanya sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga mkali (wenye punje zenye kingo) uliooshwa, shindilia kwenye maungio, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa maji siku 7 au zaidi. Chokaa ikikaushwa na jua hugeuka unga, na lawama huiangukia chokaa badala ya haraka ya fundi.

Mafundi wa majengo ya kale