Wale samaki wa kidimbwini

Mambrui, Malindi

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mbu wanatumaliza. Masika yametujaza vidimbwi hadi mlangoni.

Unakumbuka ulivyonicheka kwenye simu, ukasema wale samaki niliowaona dimbwini ni wa tangi la hoteli waliomwagwa? Basi si wao. Jumamosi nilikwenda tena kwenye dimbwi la kando ya barabara ya Garsen na chujio la chai (usimwambie mama), nikamtia mmoja kwenye chupa ya jamu. Dume lenyewe hata kidole changu cha kati halifikii. Mwili wa buluu, kila gamba lina pindo jekundu kama la leso, mkia mwekundu wote, na pezi la mgongo limekaa nyuma kabisa, mkabala na la chini.

Pamoja naye nilikuwa nimechota kijisamaki cha kijivu, hakina haiba. Nikadhani ni aina nyingine, nikakitupa majini. Kumbe nimemtupa mkewe! Na mke ndiye mwenye jibu la ni aina gani, maana kuna jamaa yao wa kusini mwa pwani na Tanzania, kwa jina la kitaalamu Nothobranchius melanospilus, ambaye jike lake lina madoa meusi. Ikabidi nirudi, matope magotini, hadi nikampata jike. Hana doa hata moja. Kwa hilo, na kwa mahali tulipomtoa, mimi nasema ni Nothobranchius jubbi, aliyepewa jina 1979, samaki wa pwani hii hii yetu. Jamaa yao mwingine, guentheri wa Unguja, naye ana mkia mwekundu, lakini huyo ni wa maji yasiyo na chumvi. Hakuvuka bahari kuja Mambrui.

Kwa hiyo ukiwaona huko bara ya Lamu, Witu au Hindi, usiniletee picha ya dume tupu. Niambie dimbwi liko wapi, kisha nionyeshe jike. Rangi tutaitazama mwisho.

Uliuliza wametoka wapi, ikiwa Februari mbuzi walikuwa wakipita papo hapo pakavu. Hawakutoka popote, walikuwemo. Mayai hutagwa topeni. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, mayai hubaki ardhini yamesimama kukua, yakingoja. Mvua ikijaza, huanguliwa, na wiki chache tu wameshakomaa na kutaga wao. Eti hula viluwiluwi vya mbu. Hawa wetu naona wamefunga.

Jirani ameniuliza kama wanakaangika.

Wako dirishani ninapokuandikia. Dume limejiona kwenye kioo cha chupa, limetanua mapezi, linagombana na nafsi yake tangu asubuhi. Kesho alfajiri nawarudisha. Kingo za dimbwi zimeanza kupasuka, na jike tumbo limemjaa.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi somo yako