Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tupeni ruhusa tufundishe Biashara ya hapa nje ya geti

Mheshimiwa Waziri, kamwene.

Mimi ni mwalimu wa Biashara kwenye shule ya kata huku mkoa wa Njombe, nimeanza kazi enzi zile bado inaitwa Commerce na Book-keeping na wanaosoma ni wale wachache wa mchepuo, walimu wenzetu wa sayansi wanatutania eti sisi tunafundisha kuuza duka. Sasa hivi mambo yamegeuka, Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mtaala mpya na Biashara imekuwa somo la lazima, kila mtoto wa sekondari wa mkondo wa jumla lazima apite hapo. Kwa hilo nawapongeza kabisa na wala sio kwa kujipendekeza.

Ila Mheshimiwa kuna kitu kinanikera na ndo nimeona niandike hapa wazi, maana nikiandika kwa kupitia ngazi itafika mwakani. Tumelifanya somo la lazima alafu tunalifundisha kama vile ni somo la dini, maana ya biashara ni ipi, taja sifa za mjasiriamali, taja faida na hasara za hiki na kile, dogo anakremu anamwaga kwenye karatasi anapata maksi zake anasahau. Nina wanafunzi wanakuandikia sifa za mjasiriamali bila kukosea hata nukta, na nyumbani mama ana genge ambalo hakuna mtu kwenye familia anayejua kama linaingiza au linakula.

Ngoja nikupe mfano wa darasani kwangu. Kuna binti wa kidato cha pili mama yake anapika maandazi, nikamwambia leo hatufungui kitabu, njoo ubaoni utuandikie biashara ya mama. Akaandika unga kilo 3 shilingi 5,400, sukari nusu kilo 1,500, mafuta lita moja 5,000, hamira na iliki 600. Jumla 12,500. Yanatoka maandazi 90 ya mia mbili mbili, 18,000. Faida 5,500 kila siku, darasa zima likapiga makofi, wengine wakaanza kusema bora waache shule.

Nikawauliza mkaa je? Kimya. Mkaa 2,000. Vifungashio? 300. Haya na yale yanayobaki jioni, na yale ambayo wadogo zako wanachukua asubuhi wakienda shule? Binti akacheka akasema kama kumi hivi. Hiyo ni 2,000 nyingine. Tukatoa zote, ikabaki 1,200. Elfu moja na mia mbili Mheshimiwa, na hapo mama anaamka saa kumi alfajiri na hatujamlipa mshahara wowote. Hakuna mtu aliyepiga makofi tena ila siku ile walielewa tofauti ya faida ghafi na faida halisi kuliko ningewaandikia notisi kurasa sita, na mpaka leo ukiwaamsha usiku wanakwambia.

Sikuishia hapo. Maandazi 80 yanayouzwa kweli ni 16,000 kwa siku, akiuza siku 300 kwa mwaka mauzo ni milioni 4 na laki 8. Kwa ile ngazi ya kodi ya makadirio, yaani ile ya wafanyabiashara wadogo inayokatwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, iliyowekwa 2019, mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu anapigwa laki moja kamili, anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Madogo wakapiga hesabu wenyewe, kumbe ni 24,000. Tofauti ya 76,000 kwa sababu ya daftari tu! Na faida yake ya mwaka mzima ni laki 3 na elfu 60, kwahiyo laki moja ni zaidi ya robo ya jasho lake. Miaka yote nahubiri umuhimu wa kutunza kumbukumbu za biashara na watoto wanasinzia, siku ile hakuna aliyesinzia, na kuna mmoja aliuliza swali ambalo hata mimi lilinifurahisha, kwamba kama ni hivyo kwanini hakuna mtu anamwambia mama?

Sasa hilo swali nakuachia wewe na mwenzako wa Fedha.

Mfano mwingine ni lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Wewe unajua sisi huku ni viazi, msimu ukifika malori yamejaa barabarani yanasubiri kwenda Dar. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, ila gunia la viazi linalotoka shambani lina kile kichwa juu kimeshonewa kamba, ukiliweka kwenye mzani linasoma kilo 130. Tukafanya hesabu kwa bei ya siku hiyo, gunia 65,000. Mkulima anadhani anauza kilo kwa 650 kumbe anauza kwa 500. Akiuza gunia 20, kilo 600 zimeondoka hazijalipiwa. Watoto wa wakulima hao Mheshimiwa, ndo walikuwa wanapiga hizo hesabu, uliona sura zao zinabadilika.

Alafu ukaibuka ubishi mkali, maana darasani kuna na mtoto wa dalali, yeye akasema baba akikataa lumbesa na wenzake wanaikubali atakosa mzigo, lori limeshakodiwa, na mkulima naye hana mzani shambani na viazi vinaanza kuota, atafanyaje? Hapo ndani kuna ushindani, kuna ugavi na mahitaji, kuna gharama za usafiri, kuna sheria ya vipimo, kuna maadili ya biashara, mada ambazo kwenye kitabu zimetawanyika kila moja na sura yake, pale zimekaa zote kwenye gunia moja. Kipindi kiliisha kengele ikagonga hawataki kutoka.

Na mifano haiishi, tunayo mingi mpaka basi. Tozo ya miamala ya Julai 2021, kila mtoto alimuona mzazi wake anaacha kutuma kwa simu anatoa hela mkononi kumpa konda wa basi, serikali ikapunguza asilimia 30 baadae, mwisho ikaifuta, unataka somo gani zaidi la kodi na tabia ya mteja? Aprili 2025 tulizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa siku chache kwa sababu na wao walizuia ya kwetu, hiyo ni biashara ya nje. Korosho za Mtwara 2018 wanunuzi binafsi wakakaa pembeni, serikali ikasema inanunua yenyewe 3,300 kwa kilo. Mikopo ya mtaani ya kausha damu ndo usiseme, mtu anachukua laki moja anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, piga hesabu, ni 130,000, asilimia 30 ndani ya mwezi wakati ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wadogo wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwanafunzi akishaipiga hiyo kwa mkono wake hata akija kukopa ukubwani anajua anachosaini.

Kuna mama lishe mmoja nilimuomba aje darasani na daftari lake la madeni. Wadaiwa kawaandika kwa majina aliyowapa mwenyewe, "fundi mrefu", "boda shati jekundu", "mwalimu wa zamu", akilipwa anapitisha mstari, akilipwa nusu anakunja kona ya karatasi. Watoto walicheka sana kwa huyo mwalimu wa zamu (sio mimi) ila wakaona kabisa kwamba hii ndo leja ya wadaiwa, mama kaitengeneza mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Akawaambia na kanuni yake, mteja mpya hakopeshwi mpaka amekula wiki mbili kwa keshi. Hiyo huikuti kwenye kitabu.

Sasa kikwazo ni nini. Kwanza kibali. Soko lipo hapo, unatembea dakika kumi kwa mguu, lakini kwenye shule moja niliyofundisha zamani kuwapeleka watoto sokoni ilitakiwa barua ya kwenda ofisi tatu, jibu lilirudi soko la msimu limeshaisha. Naelewa usalama wa watoto, nami nina watoto, ila mkuu wa shule aachiwe aidhinishe mwenyewe ziara ya ndani ya kata isiyo na mchango wa mzazi hata senti. Na huyo mama lishe kumuingiza darasani nilivyohangaika, niliulizwa ana cheti gani.

Pili na hii ndo kubwa kuliko zote, maksi. Sisi walimu tunafundisha kinachopimwa, tusidanganyane. Mkuu wa shule anaulizwa ufaulu na mimi naulizwa na mkuu, kwahiyo mwalimu akiona mtihani unataka maana na sifa, atafundisha maana na sifa na hakuna wa kumlaumu. Naomba sehemu ya alama za mwanafunzi zitoke kwenye kazi ya biashara halisi aliyoifuatilia muhula mzima, genge, kinyozi, wakala wa miamala, bodaboda, shamba la parachichi la babu yake, chochote kilichopo kwao, aandike mauzo na matumizi na aeleze kwanini mwezi huu pamekuwa hivi. Na kwenye mtihani wa mwisho lije swali lenye daftari la mtu, lililochafuka kama lilivyo, mtoto alisome alipange. Najua kuna watakaosema watoto watapika takwimu. Watapika wengine, ila mwalimu anayejua bei ya unga mtaani kwake atamkamata ndani ya dakika moja.

Naomba pia nikutahadharishe mapema. Hili ombi lisije likageuzwa kuwa "kila shule iwe na mradi", tukaishia watoto wanauza barafu na karanga za mwalimu wakati wa mapumziko alafu tunaita elimu kwa vitendo. Nimeshaona hayo, wazazi wanalalamika na wana haki, mtoto hakuja shule kuwa kibarua. Ninachotaka mimi ni aichunguze biashara, ahoji, apige hesabu, abishane. Akitaka kufungua yake atafungua akimaliza.

Hela siombi. Mzani upo kwa muuza nafaka, daftari lipo kwa mama lishe, na wale maofisa wa kodi na wa vipimo wapo wilayani, wakiambiwa waje shuleni mara moja kwa muhula watakuja. Ninachoomba ni waraka, hata wa ukurasa mmoja, unaosema ziara ya ndani ya kata inaruhusiwa, mfanyabiashara anaruhusiwa kuingia darasani bila cheti, na kazi ya biashara halisi ina maksi kadhaa. Ukitoka kabla ya muhula wa pili utatukuta bado viazi vinavunwa.

Wako,
Mwalimu wa Biashara, shule ya kata, Njombe