Kaka Rajabu, maji ya pafu la Zuhura

Kaka, shikamoo.

Fedha nimetuma asubuhi. Lililonikaa kooni ni Ba'mdogo kusema kuoshwa pafu ni kuzamishwa, nanyi mkanyamaza. Miezi sita Zuhura anameza dawa za kifua kikuu, na makohozi hayajaonyesha kimelea hata kimoja!

Ba'mdogo amechanganya mambo mawili. Kule kuosha pafu zima kwa lita kumi na zaidi ni tiba: mgonjwa hulazwa usingizi, pafu moja likaoshwa huku lingine likipumua. Hiki atakachofanyiwa Zuhura ni kipimo tu. Kamera nyembamba huingizwa hadi ikabana kwenye kijitawi cha pafu, humiminwa maji safi ya chumvi kwa mafungu, jumla mililita 100 hadi 300, kisha huvutwa taratibu. Wakivuta kwa pupa, njia ya hewa hunywea na kinachorudi ni kidogo. Irudi angalau asilimia 30. Homa ya jioni ile isiwatishe, lakini ikipita siku moja mrudisheni.

Vichupa vya namna hiyo hupita mikononi mwangu, na daktari mkuu hapa hasaini majibu kabla hajaniuliza. Maji yakirudi meupe kama maziwa, yakatulia na kuacha mashapo mazito, nashuku proteinosisi, ugonjwa wa taka za mafuta na protini kujaa ndani ya pafu. Vifuko vya hewa vina utando wa mafuta na protini usioviacha vinywee, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, ndizo huufagia uliochakaa. Ili zifanye kazi zinahitaji GM-CSF, protini ya mwili inayoziamsha. Kwa watu wazima wengi wenye ugonjwa huu, mwili wenyewe hutengeneza kingamwili za kuizuia, basi taka hurundikana. Kwenye hadubini utaona makrofaji zilizojaa mafuta na mabonge yanayoshika waridi kwa rangi ya maabara iitwayo PAS.

Maji peke yake hayasemi chanzo. Ombeni damu ipimwe kingamwili hizo, na fungu moja la maji lioteshwe vijidudu, maana Nokadia, bakteria wa udongoni, na kifua kikuu hupenda mapafu kama hayo. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Ikichelewa ikae kwenye friji, kamwe si friza, seli zitapasuka. Steroidi wasimwanzishie kwa kubahatisha: proteinosisi ya kingamwili haziiponyi, na hufungulia maambukizi mlango.

Jana Mama alicheka kwenye simu, nikakaa kitandani muda mrefu bila kuwasha taa. Mwambie Ba'mdogo simchukii.

Chupa ikijaa, nipigie picha kabla haijaondoka.

Mdogo wako