Wapeni vijana watafiti namba za wagonjwa wa zahanati

Bwana mhariri, naomba nafasi kidogo nizungumzie hesabu. Najua wengi wakiona hilo neno wataruka hii barua lakini ngojeni kwanza.

Mwanzo wa 2018 chikungunya, ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, ilipovuma hapa Mombasa mimi nilikuwa mmoja wa walougua, vifundo vya mikono vilikaza hata kifuniko cha chupa siwezi kufungua, mke wangu ndo alikuwa anifunga vifungo vya shati. Nikaenda zahanati moja nikapewa dawa za maumivu, damu sikupimwa, na kwenye kile kitabu kikubwa cha wagonjwa nikaandikwa malaria. Wakati ule sikujali. Sasa ndo yaniuma, manake mpwa wangu yuko chuo kikuu yuwasoma masters ya hesabu na utafiti wake ni modeli ya ugonjwa huo huo.

Juzi alinionyesha kwenye laptopu. Anagawa watu mafungu, ambao hawajaugua, wanaougua na waliopona, mbu nao wana mafungu yao, halafu milinganyo yasema kila siku wangapi wahama fungu na kompyuta yapiga hiyo hesabu siku baada ya siku mwaka mzima. Si mambo mapya haya, daktari Mwingereza Ronald Ross aliandika hesabu za malaria tangu 1911 akaonyesha si lazima umalize mbu wote, ukiwapunguza chini ya kiwango fulani ugonjwa wafifia wenyewe. Mpwa wangu akabadilisha kitu kimoja tu, siku ambazo maji yakaa kwenye pipa, akatoa 5 akaweka 10, ule mstari mwekundu wa wagonjwa ukapanda karibu utoke juu ya skrini! Huyu mbu wa mchana aletaye chikungunya yai lake likipata maji lachukua kama siku 7 hadi 10 kuwa mbu kamili, na mayai yaganda ubavuni mwa pipa, hata pakikauka yaweza kungoja miezi, kwa hivo kumwaga pekee hakutoshi, lazima usugue. Na sisi na mifereji yetu nyote mwajua, maji yakija leo wajaza kila chombo hujui yatarudi lini.

Sasa shida. Namba nyingi alizotia humo ni za kisiwa cha Réunion huko Bahari ya Hindi, 2005 na 2006, ambako karibu thuluthi ya watu waliugua chikungunya. Zetu ziko vitabuni, na mtoto wa watu amezungushwa miezi na ofisi moja, leo lete barua, kesho mkubwa hayupo.

Twaomba wakuu wa afya wa kaunti wawape vijana watafiti kama huyu hesabu ya wagonjwa ya kila wiki kwa kila wadi, majina hawayataki, na ratiba ya maji pia. Na mtu akija na homa apimwe jamani, asiandikwe tu. Kile kitabu kikifunguliwa, ule mstari wangu wa Februari 2018 si malaria.

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa