Shukrani kwa dada wa kitanda cha jirani
Dada yangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Ilikuwa siku ya tatu tangu mama apate kiharusi. Usiku ule nilikuwa namvuta mabegani peke yangu huku nalia. Ukamwacha mgonjwa wako, ukakunja shuka, ukalipitisha chini ya mgongo wa mama, ukanionyesha namna ya kumgeuza bila kumburura. Kila baada ya saa 2, ukasema. Mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kisha ukaniambia nilale kidogo, utamwangalia wewe. Na wewe mwenyewe hukuwa umelala!

Mama hajapata kidonda cha kulala hata kimoja. Jana alishika kijiko kwa mkono uleule uliolegea. Asante sana, dada. Mungu akulipe.