Kipepeo yule si huntha

Mhariri,

Makala yenu ya wiki jana kuhusu kipepeo aliyekuwa dume upande mmoja na jike upande wa pili ilinifurahisha. Ni nadra gazeti kumpa mdudu nafasi pasipo kumshtaki kwa kula mahindi. Lakini mlimwita "huntha", na hapo nikashindwa kunyamaza.

Neno hilo sisi wa pwani tunalijua. Mafakihi hulitumia kwenye mirathi, kwa mtu ambaye maumbile yake yana alama za jinsia zote mbili au hayabainiki ni ya ipi. Ukitaka mfano kwa wadogo, konokono wa shambani ni huntha hasa: kila mmoja ni dume na ni jike, na pande zote mbili zinafanya kazi. Kipepeo wenu ana mambo mengine kabisa. Chora mstari kutoka kichwani hadi mkiani. Huku ni dume, kule ni jike, wala hakuna kilichovuka mpaka.

Inawezekanaje? Kwetu sisi wanadamu homoni husafiri na damu na kuutangazia mwili mzima jinsia yake. Mdudu hana mpiga mbiu wa namna hiyo. Kila seli husoma kromosomu zake yenyewe, zile nyuzi zinazobeba urithi, na kujiamulia. Kromosomu za jinsia huitwa Z na W: dume wa kipepeo ana Z mbili, jike ana Z na W, kwa hiyo ni yai la mama linaloamua mtoto atakuwa nani (wanaume wanaowatimua wake zao kwa kuzaa mabinti tu wangefaa kuzaliwa vipepeo, angalau huko wangekuwa na hoja). Mara chache sana yai hutoka na viini viwili vya kubeba kromosomu, kimoja chenye Z na kingine chenye W, na vyote viwili vikarutubishwa. Hapo ndipo wanapotoka wawili ndani ya ngozi moja. Kosa likitokea baadaye, seli zikiwa zimeshagawanyika mara kadhaa, utapata mwenye viraka vya kike kwenye bawa la kiume, bila mstari wa katikati.

Mimi ni mfugaji wa vipepeo hapa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako kazi hii ya kuuza pupa (kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo) nje ya nchi ilianza mwaka 1993. Sisi huuza pupa, hatuuzi kipepeo. Basi maajabu mengi huangukia macho ya wengine, kwani pupa hupasukia ng'ambo kwenye mabanda ya maonyesho. Julai 2011 mmoja wa jamii ya Papilio memnon, ambaye kwao ni Asia, alitoka nusu kwa nusu kwenye maonyesho ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, na habari zake zikazagaa.

Wangu alitokea kizimbani kwa sababu pupa yake ilikosa gari la mzigo. Alikuwa Papilio dardanus, na kwa kuonyesha jambo hili hakuna kipepeo anayemshinda. Dume wake ni wa rangi ya maziwa yaliyoganda, ana mabaka meusi na mikia miwili. Jike wa sehemu kubwa ya bara la Afrika hana mkia, na huvaa mavazi ya kuazima: mmoja mweusi na mweupe, mwingine wa rangi ya chungwa, akiwaiga vipepeo wenye sumu ili ndege wamwogope. Ukienda Madagaska jike wao amefanana na dume. Huko kiumbe kama wangu angeweza kukupita usimwone. Jirani yangu alipomwona alisema ni kilema, tumtupe. Nilimweka juu ya meza, nikaenda kuswali. Niliporudi sisimizi walikuwa wamebakiza mabawa.

Jambo la pili. Mlichanganya hao na wale wenye rangi zilizopotoka tu, wenye madoa yaliyomwagika au weusi kupita kiasi. Hao jinsia yao haina mushkeli. Baadhi wamezaliwa hivyo, wengine walipatwa na baridi au joto kali wakiwa bado pupa. Max Standfuss, mtafiti wa vipepeo wa Zürich, alifanya majaribio ya kuwapoza na kuwapasha joto hivyo mwishoni mwa karne ya 19, akapata vipepeo ambao msituni huwaoni.

Kwa hiyo naomba muandike "nusu dume, nusu jike". Ni maneno manne, lakini yanasema kilichopo. Na wafugaji wenzangu mnaosoma: mkimpata, msimtupe wala msimwache mezani. Kunjeni karatasi pembetatu, mtieni humo mabawa yamefumbwa, andikeni tarehe, kijiji na mti aliolishwa, kisha mpelekeeni mtu wa makumbusho.

Mabawa ya wangu bado ninayo kwenye bahasha. La kulia lina mkia, la kushoto halina.

Mfugaji wa vipepeo,
Gede, Kilifi