Barua ya Kufunga Muhula: Banda la Zamani Sasa ni Karakana

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama. Ripoti wanazo watoto. Zisomeni, mzitie saini.

Mnalijua lile banda lililokuwa likivuja nyuma ya jiko, limejaa madawati mabovu. Leo ni karakana, na ninaandika kwa fahari kubwa. Kuta ni za matofali ya udongo na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayakuchomwa, kwa hiyo hatukuteketeza kuni tanurini. Yalihitaji kivuli na kumwagiliwa maji wiki nzima, na zamu hiyo wanafunzi waliishika hata Jumapili. Mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, tulizigonga moja moja: zilizo nzima zikarudi juu, zilizoliwa na mchwa zikatolewa. Madawati yaling'olewa misumari, yakapigwa randa, yakawa meza za ufundi. Paani tumeweka mabati mawili yanayopitisha mwanga. Mchana hatuwashi taa. Na waliopima pembe za kenchi bila kukosea ni vijana walewale wanaosemwa kila kikao kwamba hesabu zimewashinda!

Sasa linaloniuma. Lipu ya chokaa hukomaa polepole, ikivuta hewa ya ukaa. Ilikuwa bado mbichi wanafunzi wanne wa kidato cha tatu walipochonga majina yao ukutani. Wao wamekiri, na wataikwangua na kuipiga upya. Lakini wazazi wawili walikuja ofisini kuniambia kwamba hawakulipa ada ili mtoto wao ashike udongo. Ndugu wazazi, wenzao walichimba udongo huo, wakauchekecha, wakaubeba kwa ndoo bila kunung'unika. Mtoto anayeharibu jasho la wenzake akatetewa na mzazi wake, sisi walimu tutamfundisha nini? Adhabu iko palepale. Wataianza siku ya kufungua shule, kabla ya kuingia darasani.

Aidha, randa moja na patasi mbili hazionekani. Kagueni mabegi na masanduku ya watoto wenu leo, si mwisho wa likizo. Hadi zirudi, karakana itabaki na kufuli, hata kwa wasio na hatia.

Wanaodaiwa ada wamalize kabla ya shule kufunguliwa.

Mwenye mbao chakavu, bawaba au vitasa visivyotumika, tunavipokea. Msilete mbao zenye rangi za zamani wala zilizotiwa dawa ya mchwa. Vumbi lake zikikatwa au kupigwa randa linaweza kuwa sumu kwa watoto.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule